SOMO LA VIKUNDI: Likizo ya Agosti Hutayarishwa Mwezi wa Julai



Somo hili mlisome kwa sauti, mmoja asome na wengine wasikilize. Penye swali mtue kidogo, mjibizane, halafu ndio muendelee. Mimi ninayeliandika si mwalimu. Ni mama wa watoto watatu, naishi Kawangware upande wa Gatina, na kazi yangu ni vibarua vya kufua nguo. Ninyi mlio mashambani mtasema ya Nairobi hayawahusu. Yanawahusu, kwa sababu shule zikifungwa watoto wetu wengi hupandishwa basi wakaletwa kwenu, kwa kukhu na kwa shosho. Na wale wanaobaki huku ni wajukuu wenu vilevile.

Swali la kwanza ni hili. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti, mtoto wa miaka mitano anashinda na nani?

Hapa Kawangware jibu si rahisi. Mama hutoka saa kumi na mbili asubuhi, anatembea kwa miguu mpaka Lavington au Kileleshwa, anakaa pale kando ya barabara ambapo kina mama hungoja kuitwa kufua. Akipata kazi atarudi saa kumi na moja jioni. Baba yuko mjengo. Mtoto akiwa shule mambo ni sawa, maana shule ndiyo inayomlea mchana. Likizo ikija zinabaki njia tatu. Umpeleke kwa mama wa bebi kea, ambaye kwa ploti yetu alikuwa akitaka shilingi 80 kwa kila mtoto kwa siku. Au umwachie dada yake mkubwa. Au umfungie ndani. Tusifichane: watoto wanafungiwa ndani, na wanaowafungia si watu wabaya. Ni watu waliopiga hesabu ya pesa wakaona hakuna nyingine.

Na likizo ya Agosti huja na baridi. Nairobi, Julai na Agosti, jua unaweza kulingoja siku tatu. Kwa hiyo watoto huachiwa jiko la makaa ndani wapate joto. Anayesoma hapa asome polepole. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, hushikwa na usingizi, halafu haamki. Mtoto mdogo hulemewa haraka kuliko mtu mzima. Jiko lenye moto lisiachwe ndani ya nyumba iliyofungwa, iwe mchana, iwe usiku wakati wa kulala. Hata mkisahau mengine yote ya somo hili, hilo msilisahau.

MWAKA AMBAO NYUMBA ILIGEUKA SHULE

Mimi nilianza kuyafikiria haya mwaka wa 2020. Machi 15, siku ya Jumapili, tulitangaziwa shule zote zifungwe kwa sababu ya korona. Tukadhani ni mwezi mmoja. Julai, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akasema mwaka ule wa masomo umepotea. Oktoba 12 waliitwa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 peke yao. Wadogo walikaa nyumbani mpaka Januari 4, 2021. Hesabuni wenyewe. Ni zaidi ya miezi tisa.

Redio ya KBC ilirusha masomo, na kwetu redio ilikuwepo. Lakini msichana wangu alikuwa PP2, miaka mitano, na mtoto wa miaka mitano hawezi kuiuliza redio swali. Siku mbili za kwanza alisikiliza. Siku ya tatu nilimkuta ameifunga kamba anaivuta kama gari. Shule yake, shule ndogo ya mtaani ya kulipia, haikufunguliwa tena. Tulipoenda Januari tulikuta madarasa yamegeuzwa vyumba vya kupangisha, mlango wa PP2 una pazia la maua. Tukatafuta nyingine. Mpaka alipofika Gredi ya 2 ndipo mwalimu mmoja akaniita pembeni: "Mama, huyu hasomi. Anaangalia picha halafu anasema yale amesikia wenzake wakisema."

Nilikasirika naye. Nilikuwa nimelipa karo, sasa naambiwa mtoto hajui? Nilipofika nyumbani nilimpa pakiti ya unga anisomee. Akaniangalia usoni angojee nianze mimi.

Si wangu peke yake. Uwezo ni mpango ulioanza 2009 wa kuwapima watoto nyumbani kwao katika Kenya, Tanzania na Uganda. Miaka ile ya mwanzo waliripoti kwamba kwa kila watoto 10 wa darasa la tatu hapa Kenya, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Na hiyo ilikuwa kabla ya korona, watoto wakienda shule kila siku. Kwa hiyo yule mwalimu alinifanyia hisani, ingawa nilichukua mwezi mzima kabla ya kurudi kumwambia asante.

Tuelewane hapa. Somo hili si la kuwatoa watoto shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi amwandikishe mtoto shule na ahakikishe anahudhuria. Tunazungumza juu ya zile wiki ambazo shule imefungwa: wiki tatu hivi za Agosti, wiki chache za Aprili, na karibu wiki kumi kutoka mwisho wa Oktoba mpaka Januari. Ukizijumlisha ni sehemu kubwa ya mwaka.

HABARI ILIYOTOKA LAVINGTON

Wazo lenyewe lililetwa na jirani yangu. Yeye hufua katika nyumba moja Lavington, ya wageni ambao watoto wao hawaendi shule kabisa; mama yao ndiye anayewasomesha nyumbani. (Ana mashine ya kufua, lakini kwa mashuka na mazulia bado anaita mtu. Mungu ambariki aendelee hivyo hivyo.) Jirani alikuwa akifikiri huyo mama hufundisha kutwa nzima, kengele na kila kitu. Akaona sivyo. Mezani wanakaa kama saa mbili asubuhi, basi. Baada ya hapo watoto wako jikoni wanapima unga, au wako kwa kamba wanaanika soksi mbili mbili, kila moja na mwenzake, na mama anauliza, "Zimebaki ngapi?"

Lakini mwezi mzima kabla ya kuanza, huyo mama alikuwa anajitayarisha. Alikuwa na kikapu cha vitu vya masomo, na karatasi ukutani inayosema siku hii tutafanya hili. Na watoto ni wadogo, wanalia, wanamwaga maziwa, mmoja bado ni wa nepi. Alimwambia jirani kwamba kwao Agosti ni wakati wa joto, watoto wanacheza nje na mama anapanga mwaka. Jirani alicheka sana, maana siku hiyo alikuwa amevaa sweta mbili.

Kwenye chama alituambia hivi: "Huyo mama hanishindi akili. Ananishinda kujipanga." Mimi naongeza na pesa pia, tusidanganyane. Lakini alichosema kilikuwa kweli. Sisi likizo ilikuwa inatukuta. Ijumaa mtoto anakuja na begi na ripoti, na Jumatatu asubuhi ndio unaanza kuuliza majirani nani yuko.

Swali: katika kikundi chenu, mambo gani huyatayarisha mapema bila kukosa? Mbegu? Matanga? Arusi? Kwa nini likizo ya watoto haimo?

HESABU ILIYOLETA KELELE

Julai 2024 tukajipanga. Chama ni cha watu wengi, lakini waliokubali walikuwa sita. Watoto wadogo, chini ya miaka minane, walikuwa tisa: watatu kati yetu wana wawili wawili, watatu wana mmoja mmoja. Jumatatu mpaka Jumamosi ni siku sita. Kila mama achukue siku moja akae na watoto wote, siku tano aende kibarua chake.

Ni rahisi ukisema hivyo. Halafu mmoja akatoa kalamu. Kibarua cha siku tulikipiga shilingi 600. Mama wa watoto wawili akitumia bebi kea analipa 160 kwa siku, kwa siku sita ni 960. Akikaa zamu anapoteza 600, kwa hiyo amebaki mbele kwa 360. Mama wa mtoto mmoja bebi kea yake ni 480 kwa wiki. Akikaa zamu anapoteza 600, kwa hiyo yuko nyuma kwa 120. "Sasa nilipe 120 nilee watoto wenu?" Lilikuwa swali la haki, na tuliketi Jumapili mbili juu yake. Mwishowe tulikubaliana wenye wawili walete unga wa uji, sukari na makaa ya kila siku, na wenye mmoja waje mikono mitupu. Chakula cha mchana kila mtoto aje nacho kwa bakuli lenye jina.

Ninyi pigeni hesabu yenu, msichukue yetu. Lakini pigeni kabla ya kuanza, wazi, mbele ya wote. Ukiificha, wiki ya pili watu wanaanza kukosa zamu bila kusema sababu.

Jambo lingine: hatukulipisha mtu karo na hatukuajiri mwalimu. Sheria hiyo hiyo ya 2013 imekataza tuisheni ya likizo. Sisi tulikuwa kina mama tunaolindiana watoto, na katikati ya kulinda tunawasomea.

Kabla shule hazijafungwa kila mmoja alienda kwa mwalimu wa mtoto wake na swali moja: mtoto wangu anakwama wapi? Si kuuliza amekuwa namba ngapi. Wengine walijibiwa kwa haraka mlangoni, lakini mmoja alirudi na karatasi: "Anachanganya b na d. Hesabu anajua, anaogopa kuandika." Karatasi hiyo ilitusaidia kuliko ripoti zote.

Vitu tulikusanya mwezi huo wa Julai. Pakiti za unga za kilo mbili, tukazikata tukapata kadi. Vifuniko vya soda mia moja kutoka kwa mwenye kibanda. Kalenda za zamani, maana upande wa nyuma ni mweupe. Mchanga kwa karai ya kuandikia kwa kidole, na huo haununuliwi. Hadithi tulizipata kwa African Storybook, ambao wanatoa vitabu vya watoto bure kwa simu, kwa Kiswahili na lugha nyingi za Kenya. Tukachapisha vinne kwa saiba.

Kusoma tulianza na Kiswahili. Mama mmoja alinung'unika, yeye anataka Kizungu. Lakini sera ya lugha ya tangu zamani inasema watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi, na mahali kama Kawangware, ambapo mlango huu ni Mluhya, ule ni Mkikuyu na ule ni Mkamba, lugha hiyo ni Kiswahili. Tena Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto hadanganywi na herufi. Tulichukua herufi tano tu: m, b, t, k, n. Kila moja ikapewa a, e, i, o, u. Hizo ni kadi 25. Weka ku na ni, ni kuni. Weka ki na ti, ni kiti. Bata, moto, tano, nani. Kadi 25 zinatoa maneno mengi, na mtoto anayapanga mwenyewe sakafuni kama anayejenga. Atakaposoma lugha anayoielewa, Kizungu atakiendea akijua kusoma ni kitu gani.

WIKI YA KWANZA ILIHARIBIKA

Niseme ukweli, wiki ya kwanza tuliharibu. Tulifanya shule. Tulipanga watoto kwa mistari pale uani chini ya kamba za nguo, mama wa zamu amesimama na mwiko mkononi, "Kaeni kimya! Semeni baada yangu!" Mtoto wa miaka mitatu alikojoa hapo alipokaa kwa kuogopa kuomba ruhusa. Wa miaka saba aliniambia, "Mum, si ulisema tumefunga?"

Tukabadilisha. Asubuhi uji, kisha kadi na hadithi kwa saa moja, wakubwa saa moja na nusu. Baadaye kucheza, na hesabu ikiwa ndani ya kazi: chagueni maharagwe mniambie yaliyooza ni mangapi, nina shilingi 50, nyanya ni 30, nirudishiwe ngapi? Baada ya chakula wanalala. Mchana hatufundishi. Baba mmoja fundi wa mjengo, siku aliyokosa kazi, alikuja na tepu yake. Watoto walipima mlango, ndoo, mbwa wa landilodi na wao wenyewe, wakaandika ukutani kwa makaa. Landilodi alipandisha sauti kidogo juu ya huo ukuta. Tukaupangusa.

Wasichana wakubwa nao. Wangu sasa alikuwa na miaka tisa, Gredi ya 4, na kazi ambayo kila nyumba humpa msichana wa miaka tisa wakati wa likizo ni uyaya. Tulikubaliana kwamba mkubwa atawasomea wadogo hadithi moja kwa siku, kisha yuko huru. Sikulijua wakati huo, lakini yeye ndiye aliyefaidika kuliko wote. Kitabu cha watoto wa PP2 hakikumwaibisha kwa sababu alikuwa anakisoma kama mwalimu. Alikirudia na kukirudia. Siku ya kumi na mbili hivi alisoma ukurasa bila kuniangalia usoni.

Swali: kwenu, msichana wa miaka tisa hufanya nini wakati wa likizo? Na mvulana wa umri huo? Msijibu haraka.

ZAMU YA ALHAMISI

Katika ile wiki ya kwanza mama wa Alhamisi hakuja. Alituma mtu aseme ana kibarua.  Watu wakaanza maneno, ati anatutumia. Mimi nikaenda kwake jioni, kwa kibanda chake cha mboga, nikangoja wateja waishe. Aliendelea kukata sukuma bila kuniangalia. Kisha akasema, pole sana, "Dada, mimi sijui kusoma. Watoto wataniuliza."

Miaka sita tumekuwa naye kwenye chama. Kumbe huwa anaweka sahihi kwa kufuata umbo la jina lake.

Nilimwambia, wewe njoo na mboga zako. Alhamisi iliyofuata alikuja na gunia la viazi na mizani. Watoto waliuza na kununua kwa vifuniko vya soda mpaka saa sita, naye huyo mama anapiga hesabu kichwani haraka kuliko sisi wenye kalamu. Baada ya chakula akawapa hadithi za kwao, kwa sauti ya fisi na sauti ya sungura, na vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Majirani walifungua milango wasikilize. Watoto wakaanza kuuliza Jumatatu, Alhamisi ni lini?

Hapa ninawageukia nyinyi wa mashambani. Agosti kule Magharibi ni wakati wa mahindi. Mtoto wa Kawangware akishuka kwa basi, msimweke kando eti ni mgeni wa mjini. Ahesabu magunzi kumi kumi. Atege vitendawili usiku. Amtajie kukhu majina ya miti, na asipojua aambiwe. Kukhu asiyejua kusoma ana lugha, ana hesabu na ana muda, na hivyo vitatu ndivyo tunavyokosa huku. Akipewa na kadi 25 atumwe nazo kwa begi, mjukuu atamsomea yeye.

Mama wa Alhamisi naye aliketi na watoto wakati wa kadi, eti anawatuliza. Alikuwa anajifunza. Wiki ya mwisho aliokota kadi mbili akaziweka pamoja juu ya goti lake, akatazama sana, akasema "moto", kwa sauti ndogo, kama anayejisemea. Oktoba tulipoanza kupanga likizo ndefu aliniuliza kama kadi zinaweza kukaa kwake.

MASWALI YA KUMALIZIA MKUTANO

Shule zenu zinafungwa tarehe gani, na ni mikutano mingapi imebaki kabla ya hapo? Wako watoto wangapi wa chini ya miaka minane katika nyumba za wanachama, na ni nani anayeshinda nao? Waandikeni, hata kama ni kwa makaa. Je, kuna nyumba ambapo jiko hulala ndani na moto? Nani ataenda kuzungumza nao wiki hii?

Na la mwisho, hili mlijadili kwa upole. Kuna mwanachama ambaye hukosa kila inapofika zamu yake ya kusoma minits. Mmewahi kumwendea, peke yake, mkangoja wateja waishe?